Mgongo wa Mkwe

Kwa mwaka mzima na ushei Goreti alimfahamu mkwewe kwa mgongo. Sura yake angeweza kuisahau, lakini mgongo ule aliujua kama alivyoujua mlango wa nyumba yake: mpana, umelalia upande wa kushoto kwa mazoea ya kubeba madumu ya maziwa, na shati lenye kiraka katikati. Wakikutana njiani kutoka kisimani, Mabula aliiacha njia, akajitosa kwenye ufuta wa watu na kusimama akitazama mbali mpaka mama mkwe apite. Akiletewa chakula, hakukigusa hadi aliyekileta aondoke. Siku moja Goreti aliingia sebuleni kwa binti yake kabla hodi yake haijaitikiwa, na kijana wa watu akatoka nje kupitia dirishani. Dirishani, jamani, mwanamume mwenye mke na zizi la ng'ombe!

"Ni heshima yao, mama," Lucia alimwambia huku akicheka. "Kwa Wasukuma wa ukoo wake, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala hamkaribii. Akikupa mgongo ndiyo anakuheshimu."

"Heshima ya kupewa kisogo mimi sijaiona," Goreti akajibu, akaendelea kuchambua kunde.

Hakubishana zaidi kwa sababu aliamini kwamba ukweli anaujua yeye. Binti yake alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mabula alikuwa ameambiwa. Mtu mmoja pale Marambo, mwenye mdomo usio na kifuniko, alikuwa amemnong'oneza kuwa mama mkwe wake ana kifafa, na sasa kijana alikuwa akijikinga na mate yake, pumzi yake na vikombe vyake.

Ugonjwa ulimjia Goreti akiwa msichana, siku ya kuvunja ungo kwa ndugu yake, katikati ya ngoma na watu. Aliangukia mafiga. Kovu lake lilibaki kiganjani, limekunjamana na kung'aa. Waliokuwapo walitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe, maana kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba ukilikanyaga povu la mwenye kifafa umelibeba hadi kwako. Wakasema pia kwamba aliyeungua moto wakati wa kuanguka ndiyo basi, hatapona tena. Goreti aliishi chini ya hukumu hiyo hadi alipoolewa na Eustakio, mwanamume mpole ambaye hakuwa mwepesi wa kuogopa. Ni Eustakio aliyemshika mkono akampeleka zahanati ya parokia, na muuguzi Edina akampa vidonge vya kumeza kila jioni.

"Usiache hata ukijiona mzima," Edina alimwambia. "Hasa ukijiona mzima."

Akavimeza. Eustakio alifariki kwa maradhi mengine, Lucia akakua, na kifafa kikanyamaza muda mrefu hivi kwamba Goreti alianza kukikumbuka kama jambo lililompata jirani. Ndipo Mabula alipokuja kuposa. Wazazi wake walikuwa wamehamia Chunyu na mifugo yao kutoka Kanda ya Ziwa, nao walikuwa watu wa maswali: ukoo gani, mababu walikufa kwa nini, kuna ugonjwa gani nyumbani. Goreti alimwita Lucia chumbani, akafunga mlango.

"Hili la kwangu usimwambie."

"Mama, mume nitamfichaje?"

"Kama mimi nilivyowaficha walimwengu."

Lucia aliapa, lakini kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa. Ndoa ikafungwa. Kwa desturi ya Wamwera, mume ndiye aliyehamia kwa mke, na Mabula alikubali kukaa Marambo hadi mtoto wa kwanza apate nguvu. Akajenga nyumba yake hatua chache kutoka kwa mama mkwe, ng'ombe wake wachache akawachungia bondeni. Sehemu ya maziwa yao aliiuza zahanati ya parokia. Kila asubuhi alikuwa pale pale, kwenye benchi la wagonjwa, na madumu yake miguuni. Goreti alikwenda mara moja kuchukua dawa, akauona ule mgongo kwa mbali, akageuza njia akarudi. Vidonge vilipokwisha hakufuata vingine. Alijiambia amepona. Mtu hujiambia mengi akitaka kulala.

Dalili zilirudi taratibu. Kikombe kilimtoka mkononi bila sababu. Sala ya jioni ilimkatikia katikati, akajikuta kwenye amina bila kujua alivyofika. Zaidi ya yote ilirudi harufu. Tangu usichana wake, kifafa kilitanguliwa na harufu ya korosho zinazochomwa, kali, ya mafuta ya ganda. Mahali pengine pengekuwa na nafuu, lakini kwa watu wa kule korosho huchomwa wakati wowote mtoto akizililia, na Goreti hakuweza kujua kama harufu inatoka kwa jirani au inatoka kichwani mwake. Alijizoesha kuuliza, kwa sauti ya mtu mwenye njaa tu: "Kuna mtu anachoma korosho?" Akiambiwa ndiyo, alicheka na kuomba mbili tatu. Bado hakuwa ameambiwa hapana.

Na sasa alikuwapo Ivan, mjukuu wake, mtoto mnene aliyeanza kusimama kwa kushika sketi za watu. Goreti alimpenda hadi mikono ilimuwasha. Kumbeba lilikuwa jambo alilolitamani kuliko jambo jingine lolote, na ndilo alilolihofia kuliko yote. Usiku aliota amemwangusha. Mchana alimbeba akiwa amekaa chini, karibu na mkeka, na Lucia alipouliza kwa nini hasimami, alisingizia magoti.

Kisha jino la Lucia likavimba. Shavu lilijaa hadi jicho likafunga, na asubuhi moja ya mavuno ya ufuta alipanda bodaboda kwenda Ruangwa kuling'oa. Mtoto hakuweza kumchukua.

"Mama, utamudu?"

Hapo ndipo Goreti angesema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na Lucia, aliyekuwa akijua kila kitu isipokuwa kwamba dawa imeachwa, alimtazama kwa lile jicho moja lililobaki. Lakini pikipiki ilikuwa inanguruma, na Mabula alikuwa zizini, karibu mno.

"Nenda, mwanangu. Mjukuu wangu mwenyewe nishindwe naye?"

Ivan alilia alipoona mama yake anaondoka, na hakuna kilichomtuliza ila mgongo wa bibi. Goreti akamfunga kwa kanga, fundo akalikaza kifuani, akainamia jiko la nje kukoroga uji. Kwa muda kila kitu kilikwenda vizuri. Mtoto alinyamaza, joto lake likamwingia bibi hadi mbavuni, na Goreti akaimba wimbo wa kanisani akiuharibu maneno makusudi ili Ivan acheke. Alijisikia mwanamke mzima kama wengine. Alifikiri, kumbe nilikuwa najitesa bure.

Ndipo akasikia korosho.

Akanyoosha shingo. Kwa jirani hakukuwa na moshi. Upande wa pili shamba lilikuwa wazi hadi bondeni, matita ya ufuta yamesimama yakikauka, hakuna mtu. Alivuta pumzi tena na harufu ikawa nene zaidi. Mtu pekee aliyekuwa karibu alikuwa Mabula, ng'ambo ya ua wa zizi, ameinamia ndoo.

"Baba!" aliita. "Baba Ivan!"

Mabula alisimama. Alikuja hadi kwenye ua, na kama kawaida yake akageuka, akampa mgongo.

"Naam, mayu," akaitika, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Unasikia harufu ya korosho?"

Kijana alifikiri, kwa adabu zake zote. "Hapana, mayu. Nasikia maziwa tu."

Tumbo la Goreti likaanza kupanda. Alikujua kupanda kule. Kilikuwa kimebaki kitambo kidogo sana, kama cha kusema Baba Yetu nusu, na mtoto alikuwa amefungwa mwilini mwake mbele ya moto. Alishika fundo la kanga. Vidole havikutii.

"Geuka!"

Mgongo ulishtuka lakini haukugeuka. Labda Mabula alidhani amekosea kusikia. Labda alidhani mama mkwe nguo imemlegea, na mwanamume wa kwao angejitoboa macho kuliko kutazama.

"Geuka, baba, nakuomba! Nina kifafa. Kinakuja. Mchukue mtoto!"

Basi neno likasemwa, kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia. Goreti alipiga magoti, akakumbatia nguzo ya jiko ili akianguka asiangukie chali. Kitu cha mwisho alichokiona ni uso wa mkwewe ukimjia, uso wa kijana mdogo kuliko alivyodhani, na umejaa woga mtupu.

Alipozinduka alikuwa amelala ubavu, mbali na jiko. Ulimi ulimuuma. Kanga iliyombeba Ivan ilikuwa kando yake, fundo limekatwa kwa kisu. Mwili wake ulikuwa umefunikwa koti la kiume hadi kiunoni, na chini ya koti alijua kwamba amejilowesha. Mguu wa kulia ulikuwa na moto wake peke yake. Alipoutazama aliona ngozi ya kando imebabuka. Kwenye vumbi kulikuwa na mburuzo kutoka jikoni hadi pale alipolala. Ivan alikuwa hai, analia. Mabula alikuwa zizini, amempakata, na alikuwa amempa Goreti mgongo.

Imekwisha, Goreti alijiambia. Hakulia. Alivuta koti hadi usoni kwa aibu.

Lucia alirudi alasiri na pamba shavuni, hawezi kusema vizuri. Aliuona mguu, akaelewa. Waliingia ndani, yeye na mumewe, na Goreti akasikia sauti ya Mabula ikiuliza na Lucia akijibu kwa manung'uniko ya mdomo wenye ganzi. Hakusikia neno, na aliyajua maneno yote. Kesho yake, alfajiri, Mabula alipanda baiskeli akashika njia ya Chunyu bila kuaga.

"Amekwenda wapi?"

"Kwao," Lucia alijibu. "Hakusema zaidi. Twende zahanati, mguu huo usioze."

Amekwenda kuwaita wazee, Goreti akajua. Watakuja na maneno yao mazuri ya kuzunguka, watasema mke na mtoto warudi upande wa mume, na nani atawakatalia? Ivan atakulia Chunyu, atajifunza kutembea huko. Njia nzima hadi zahanati Goreti alimtazama mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake, na kila alipotaka kumshika mguu aliurudisha mkono wake.

Muuguzi Edina, ambaye sasa alikuwa na mvi na miwani, alisafisha jeraha.

"Uliacha lini?"

Goreti akamwambia.

"Mficha maradhi..." Edina alianza, kisha akaitazama sura ya mgonjwa wake, akaiacha methali njiani. "Dawa hizi si za kuonja, mama Lucia. Ukiziacha ghafla, kifafa kinarudi na hasira. Tutaanza upya. Na hili la moto, usiwasikilize. Kuungua hakuzuii kupona. Wala povu halimwambukizi mtu."

Goreti alisubiri Lucia atoke nje na mtoto, ndipo akauliza swali alilolibeba tangu siku aliyojifungua. "Na hawa? Wataurithi?"

"Mara nyingi hapana."

"Mara nyingi."

"Ndiyo, mama. Mara nyingi. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Walirudi nyumbani na vidonge. Mchana ukapita. Goreti alikaa barazani akisikiliza njia, na kila kengele ya baiskeli ilimkata maini. Alijaribu kupanga atakachowaambia wazee wa Chunyu, akakuta hana la kusema ila kuomba. Jua lilikuwa limeanza kupoa alipomwona Mabula akija kwa miguu, akisukuma baiskeli, na nyuma yake akimvuta mbuzi jike mweusi. Hakuwa na wazee. Alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza, akasogea hatua kadhaa, akageuka kutazama shamba.

"Mwadila, mayu," akamsalimu kwa Kisukuma.

"Karibu, baba," Goreti alisema. "Mbuzi wa nini?"

"Nimekushika. Kwetu mkwe akimshika mama mkwe wake lazima atoe mbuzi, mambo yakae sawa. Nisingeweza kumtoa hapa. Desturi inataka atoke kwenye zizi la baba."

Goreti alimtazama mbuzi, na mbuzi akamtazama yeye. "Si kwa ajili ya kifafa?"

"Kifafa hakina mbuzi, mayu." Alisema kwa mshangao wa kweli. "Mbuzi ni wa heshima niliyoivunja."

Goreti aliligeuza neno hilo kichwani. Mwaka mzima na ushei wa visogo, dirisha, chakula kilichosubiri: vyote vilikuwa vile vile Lucia alivyomwambia, na yeye alikuwa amevisoma kwa miwani ya woga wake. Alitaka kucheka, lakini Mabula alikuwa hajamaliza.

"Kuna jingine. Uliponiita, nilikata kanga, nikamchukua mtoto, nikakimbia. Nikafika zizini nikasimama. Mguu wako ulikuwa motoni, nikauona. Nikaendelea kusimama. Nimelelewa nikiambiwa mtu wa kifafa hashikwi. Nilikuogopa, mayu. Mguu huo ni mimi."

"Ulirudi kwa nini?"

"Sijui. Mtoto alikuwa anakunyooshea mikono."

Ng'ombe walikuwa wanarudi wenyewe kutoka bondeni, na hakuna aliyekwenda kuwafungulia. Goreti aliusikiliza moyo wake akitafuta hasira, akaikuta ndogo, ya mtu mwingine kabisa, ya wale waliotawanyika zamani kwenye ngoma. Hao hakuna hata mmoja aliyerudi.

"Ulianza na mtoto," alisema hatimaye. "Ningekuwa na akili zangu ningekuamuru hivyo hivyo. Baba yako amesemaje?"

"Amecheka. Aliniuliza nilikushikaje. Nikamwambia uliteleza kisimani."

Kijana alikuwa ameendesha baiskeli hadi Chunyu na kurudi, akasimama mbele ya mzee wake, akamsitiri. Alikuwa ameuchukua ule mzigo wa uongo aliokuwa ameubeba Lucia, bila kuapishwa na mtu. Goreti aliwaona wote wawili, binti na mkwe, wamesimama mbele ya mlango wa siri yake kama walinzi waliochoka, na akajionea haya kuliko alivyoona haya chini ya lile koti.

"Ukienda tena, mwambie ukweli."

"Mayu, si lazima."

"Mwambie. Nimeanza dawa leo. Nitazifuata zahanati hata ukiwa umekaa kwenye benchi hilo na madumu yako. Akitaka kukuondoa, aje aniambie mimi mwenyewe." Alisema kwa ujasiri ambao haukufika tumboni. "Mbuzi nimempokea. Sasa lete mkeka, nikufundishe. Maana kinaweza kurudi kabla dawa haijashika."

Lucia ndiye aliyeuleta mkeka, na Lucia ndiye aliyejilaza juu yake, maana ilibidi pawe na mgonjwa. Shavu lake bado lilikuwa limevimba, na alikuwa akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ivan aliwekwa kando, akapewa mfuniko wa sufuria.

"Kwanza ondoa vya hatari," Goreti alisema. "Moto, mawe, jembe. Usinibane mikono. Usinitie kijiko mdomoni, watu hupenda sana kutia kijiko. Nikiacha kutikisika, nilaze ubavu ili mate yatoke. Weka kitu laini chini ya kichwa."

Mabula alimgeuza mkewe kwa mikono iliyozoea kuzalisha ndama. Akakunja koti lake, akaliweka chini ya kichwa.

"Kisha?"

"Kisha unangoja. Dakika tano zikipita na bado natikisika, ita bodaboda twende kwa Edina."

"Tunangoja tu?"

"Mnangoja tu."

Goreti alitazama. Maishani mwake hakuwahi kujiona akiwa katika hali ile. Alijua ya kabla na ya baada, na katikati palikuwa pa wengine. Basi hivi ndivyo Eustakio alivyomwona kwa miaka yote: mkono umeachia, shingo imelala, uso wa mtu aliyekwenda bila kusema anarudi lini. Lucia alikuwa ameacha kucheka. Macho yake yalikuwa yamefumba. Goreti alisubiri tabasamu litokee upande ule mzima wa mdomo, halikutokea.

"Inatosha, Lucia. Inuka."

Lucia hakuinuka. Mfuniko wa sufuria ulimponyoka Ivan, ukabingirika ukalia, na kope za mama yake hazikucheza. Mara nyingi hapana, alisema Edina. Mara nyingi.

"Lucia!"

"Mama," Lucia akasema polepole, bado amefumba macho. "Ukiwa huko, unatusikia?"

"Sisikii kitu, mwanangu."

"Basi sisi tutakuwa tunakuita tu," Mabula alisema.

Ivan alitambaa akaufuata mfuniko wake. Lucia alibaki pale pale alipolazwa, mkono wazi juu ya mkeka.

"Niite tena, mama," alisema. "Nisikie inavyokuwa."

Goreti akapiga magoti kando ya mkeka, na mguu wake unauma, akamwita binti yake kwa jina, akangoja.